Reli mpya Tabora: Ramani za zamani zinamwambia nini mkulima na mwenye duka?

MIKATABA mitatu ya ujenzi wa reli ya kisasa, maarufu kama SGR, inaugusa Mkoa wa Tabora moja kwa moja. Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368. Julai 2022 ukafuata wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na Desemba mwaka huo huo ukasainiwa wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Hesabu hizo zinajumuisha njia kuu na njia za kupishania.

Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, mrina asali wa Kaliua au mama anayeuza chakula jirani na stesheni ya Malongwe, takwimu hizo hazijibu swali kubwa kuliko yote: Treni itasimama wapi? Reli inayopita karibu na duka bila treni kusimama haimwingizii mwenye duka hata shilingi moja.

Jibu la kwanza liko kwenye michoro ya mradi. Lakini lipo jibu la pili, ambalo wengi hawalitafuti, nalo liko kwenye ramani, vitabu vya anwani na ratiba za treni za zamani.

Katika miaka takriban 170 iliyopita, njia kuu ya magharibi mwa Tanzania imebadilika mara mbili. Ilianza kuwa njia ya misafara ya wapagazi, ikaja reli iliyojengwa na Wajerumani, kisha sehemu kubwa ya mizigo ikahamia kwenye malori. Kila njia ilipobadilika, ziko sehemu za biashara zilizoinuka na ziko zilizosahaulika kabisa.

Anayezifuatilia sehemu hizo ataona kwamba hazikufa kwa mkosi. Nyingi ya zilizokufa zilikuwa zinaishi kwa kuhudumia wasafiri tu. Zilizobaki zilikuwa na mzigo wa kwao wenyewe, au zilikuwa mahali ambapo njia mbili zinakutana. Hilo ndilo somo kwa anayetaka kununua kiwanja au kujenga ghala leo.

Kabla ya reli

Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walipoondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo. Kazeh ndilo jina lililotumika wakati huo kwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu mahali ambapo leo ni Tabora. Safari ilikuwa imewachukua zaidi ya miezi minne.

Safari ya namna hiyo haiwezekani bila masoko ya chakula njiani. Msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila mmoja alihitaji posho. Kwa hiyo vijiji vya njiani vililima ziada ya mtama, kunde na viazi kwa ajili ya kuwauzia, na kupokea shanga, vitambaa na waya.

Katika maandishi ya wasafiri wa wakati huo, majina ya Tura, Rubuga na Kigwa yanajitokeza mara kwa mara. Hivyo vilikuwa vituo vya kupumzika baada ya kuvuka Mgunda Mkali, pori kubwa lisilo na maji kati ya Ugogo na Unyamwezi. Mbele ya Tabora, upande wa magharibi, Burton alikitaja kituo cha Msene kuwa soko kuu la Unyamwezi ya magharibi.

Leo Tura inajulikana kwa sababu ina stesheni. Msene haimo katika orodha ya stesheni za Reli ya Kati. Soko lililokuwa kubwa mwaka 1858 limebaki jina la kwenye vitabu.

Hata karibu na Tabora yenyewe mambo yalihama. Kwihara, umbali wa kilomita chache kutoka mjini, ndiko alikokaa Henry Stanley mwaka 1871 na David Livingstone mwaka 1872, kwa kuwa ndiko walikokaa matajiri wa misafara. Leo Kwihara inajulikana zaidi kwa nyumba ya makumbusho, si kwa soko.

Reli ilivyochagua

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Ni njia ya kilomita zipatazo 1,250.

Wajenzi hawakufuata njia ya misafara hatua kwa hatua. Mpagazi anaweza kupanda mlima, injini ya treni inataka mteremko mdogo. Mpagazi anataka kijiji chenye chakula, injini ya mvuke inataka maji na kuni kila baada ya mwendo fulani. Tofauti hiyo ndogo iliamua maisha ya miji.

Mpwapwa, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, ilirukwa. Stesheni ikawekwa Gulwe. Kilimatinde, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao, ilirukwa pia, kwani reli ilipitia Saranda na Manyoni. Baadaye makao ya wilaya yakawa Manyoni, na Kilimatinde ikabaki mji mdogo.

Mwisho wa njia nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Kwa miaka mingi Ujiji ndiyo ilikuwa bandari ya Ziwa Tanganyika. Lakini wahandisi walitaka ghuba yenye kina, wakaipata Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo. Meli, forodha na maghala vikaenda Kigoma.

Kwa upande mwingine, reli ilizaa miji mahali ambapo misafara ilipita haraka kwa kuogopa kiu. Itigi ni mfano mzuri. Iko katika vichaka vile vile vya Mgunda Mkali, lakini stesheni ikaifanya kuwa mji.

Kati ya stesheni na stesheni kukawa na makambi ya wafanyakazi wa njia, yaani magengi. Kila gengi lilipewa kipande chake cha kutunza: kukaza mataruma, kufyeka majani, kuzibua makalvati. Palipokuwa na gengi palikuwa na kota, kisima, na mara nyingi mtu wa kuuza chumvi, sukari na mafuta ya taa. Makambi haya ndiyo jamii zilizosahaulika kuliko zote, kwa kuwa ramani nyingi haziyaonyeshi kwa jina.

Jinsi ya kuzifuatilia

Kuna aina nne za kumbukumbu zinazosaidia. Hakuna hata moja inayotosha peke yake, lakini zikiwekwa pamoja zinaonyesha sehemu ilianza lini, ilikua kwa sababu gani na ilianza kufifia lini.

Ya kwanza ni ramani ya Kijerumani ya Afrika Mashariki yenye vipimo vya 1:300,000, iliyochapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer kwa karatasi moja moja kuanzia miaka ya 1890. Katika ramani hiyo, sentimita moja ni kilomita tatu. Inaonyesha njia za misafara, vijiji vya watemi, visima na mito.

Anayeisoma ajihadhari na tahajia. Mwanza imeandikwa Muansa, Ujiji ni Udjidji, na Bagamoyo ni Bagamojo. Kwa hiyo jina litafutwe kwa kulisoma kwa sauti, si kwa kulinganisha herufi.

Ya pili ni ramani za Idara ya Upimaji na Ramani zenye vipimo vya 1:50,000, ambazo sentimita moja ni nusu kilomita. Hizi zinaonyesha reli, stesheni, barabara za vumbi na hata mashamba. Mtu akiweka karatasi ya Kijerumani na hii kando kwa kando, ataona mara moja kijiji gani kilihamia relini na kipi kiliachwa.

Ya tatu ni vitabu vya mwongozo na anwani. Upo mwongozo wa Tanganyika wa mwaka 1930 uliohaririwa na Gerald Sayers, na toleo la mwaka 1958 la J. P. Moffett. Kwa wakati wa Wajerumani ipo kamusi kubwa ya makoloni ya Heinrich Schnee, iliyotoka mwaka 1920 katika majuzuu matatu. Viko pia vitabu vya simu na masanduku ya posta vya wakati wa Afrika Mashariki. Stesheni iliyokuwa na wafanyabiashara wenye sanduku la posta, kisha baada ya miaka kadhaa ikawa haina hata mmoja, inasema habari yake yenyewe.

Ya nne ni ratiba za treni, Gazeti la Serikali na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa kikoloni. Gazeti la Serikali ndilo lililotangaza sehemu zilizopewa hadhi ya mji mdogo au kituo cha biashara. Nyaraka nyingi za namna hii zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kumbukumbu hizo zikishasomwa, kazi haijaisha. Wazee waliofanya kazi relini bado wako katika stesheni nyingi. Stesheni masta mstaafu au mtoto wa mtu wa gengi anajua kisima kilikuwa wapi na soko lilikaa siku gani. Hayo hayamo kitabuni.

Lulanguru na sarafu za dhahabu

Mfano wa jamii ya reli iliyosahaulika ni Lulanguru, jirani na mji wa Tabora. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Wajerumani ilikuwa imehamia Tabora na fedha ilikuwa adimu kwa sababu meli za Waingereza zilifunga bahari.

Mwaka 1916, karakana ya reli ya Lulanguru ikageuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilitumika kupiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora na kazi hiyo ikaisha.

Sarafu moja ya Lulanguru leo inagombewa na wakusanyaji wa sarafu duniani. Lakini Lulanguru yenyewe haikuwa mji mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuhudumia reli, na huduma hiyo ilipohamishiwa kwingine, hapakuwa na kitu kingine cha kuibakiza.

Urambo, Mpanda na Uvinza

Urambo ina historia tofauti. Ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1947 Waingereza waliichagua kuwa moja ya sehemu tatu za mradi mkubwa wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi ulishindwa na kufungwa mwaka 1951.

Kongwa na Nachingwea zote zilijengewa reli kwa ajili ya karanga hizo, na reli zote mbili ziling'olewa baadaye. Urambo haikukumbwa na hilo kwa kuwa ilikuwa kwenye Reli ya Kati tayari. Muhimu zaidi, mashamba yaliyofyekwa kwa karanga yakaingizwa kwenye tumbaku, na zao hilo ndilo lililoibeba Urambo hadi leo. Mradi ulikufa, mzigo ukabaki.

Mpanda inafanana nayo. Tawi la reli kutoka Kaliua lilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Kwa hesabu ya kawaida, mji ulipaswa kufa. Lakini wakulima wa mahindi, mpunga na tumbaku walikuwa wameanza kuitumia reli hiyo, na mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi.

Tawi jingine, lililojengwa miaka ya 1930 kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, halikuwa na bahati hiyo. Mzigo haukutosha kulipa gharama, na katika miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa. Reli iliyokuja kufika Singida miongo kadhaa baadaye ilibidi ijengwe upya.

Uvinza ndiyo inayotoa somo lililo wazi kuliko yote. Wachimbuaji wa mambo ya kale walioifanyia kazi mwaka 1967 waligundua kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi pale kwa takriban miaka 1,500. Misafara ilinunua chumvi hiyo. Wajerumani wakajenga kiwanda na kukiita Gottorp, jina linaloonekana kwenye ramani zao. Reli ikapita hapo hapo. Baada ya Wajerumani kuondoka jina la Gottorp likapotea, Uvinza ikabaki. Njia tatu tofauti zimeihudumia, kwa kuwa kila njia iliihitaji chumvi yake.

Kundi jingine la sehemu zilizobaki ni makutano. Kaliua ilipata nguvu kwa kuwa ndipo njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Isaka, kwenye njia ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, ikawa bandari kavu kwa sababu ndipo mizigo ya Rwanda inaposhuka relini na kupanda malori. Itigi nayo ina barabara ya kwenda kusini, upande wa Mbeya.

Nini kiliua stesheni ndogo?

Ni rahisi kulaumu kitu kimoja, lakini sababu zilikuwa nyingi na zilifuatana.

Injini za mvuke ziliacha nafasi kwa injini za dizeli. Dizeli haihitaji kusimama kunywa maji wala kupakia kuni. Stesheni ambayo treni ilisimama kwa muda mrefu ikawa ya kusimama dakika chache, au kupitwa. Wauza kuku, asali na maembe wakapoteza wateja bila mtu yeyote kuwafukuza.

Aidha, sera zilibadilika. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya 1970 vilihamisha watu wengi kutoka walikokuwa wakiishi, wengine wakaletwa karibu na njia na wengine wakatolewa. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Katika stesheni ndogo, duka na mnunuzi wa mazao vilikuwa mara nyingi kitu kimoja. Vikaondoka pamoja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, na mwaka 2011 Serikali ikairudisha mikononi mwake. Katikati ya hapo, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama. Kila treni iliposimama, wafanyabiashara walijifunza kutumia lori, na wengi hawakurudi relini.

Lami ndiyo ikamalizia. Tumbaku, mpunga na asali vilianza kufuata barabara, na soko likafuata mzigo.

SGR italeta nini?

Reli ya zamani haijang'olewa, na kwa mzigo wa vijijini inaweza kuendelea kuwa na kazi. Lakini tabia ya SGR ni tofauti, na mfano uko wazi.

Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kilichoanza kubeba abiria Juni 2024, kina stesheni sita tu: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Treni ya umeme haitafuti maji, na mwendo wake hauna maana ikisimama kila baada ya kilomita chache. Behewa zina viyoyozi na madirisha hayafunguliwi. Biashara ya kupitisha ndizi na asali dirishani, ambayo imesomesha watoto wengi kando ya Reli ya Kati, haina nafasi kwenye treni hiyo.

Hii haina maana kwamba SGR ni hasara kwa Tabora. Mazao yanayooza haraka, kama maembe, na yenye bei, kama asali iliyofungashwa vizuri, yanaweza kufika Dodoma na Dar es Salaam kwa muda mfupi sana. Lakini faida hiyo itakwenda kwa aliyekusanya mzigo wa kutosha karibu na stesheni, si kwa anayengoja abiria ashuke kununua soda.

Kwa kuzingatia historia hiyo, anayefikiria kuweka fedha karibu na stesheni mpya anapaswa kujiuliza maswali manne.

La kwanza, sehemu hiyo ina mzigo gani wa kwake? Kama jibu ni abiria tu, akumbuke Lulanguru. La pili, kuna barabara gani inayoileta mizigo ya vijiji vya jirani pale? Stesheni isiyo na barabara ya kuilisha ni kibanda porini. La tatu, kuna maji ya mwaka mzima? Ramani za zamani zinaonyesha visima na mito, na sehemu ambazo misafara ilizikimbia kwa kiu hazijapata mvua zaidi kwa sababu ya reli. La nne, ardhi hiyo ni ya nani na iko nje ya hifadhi ya reli?

Swali hilo la mwisho limewaumiza wengi. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo ya kuulizwa mipaka ya hifadhi kabla fedha hazijatoka mfukoni. Muuzaji akisema "hapa hawatafika", hilo si jibu.

Fidia inahitaji daftari

Kwa wale ambao reli inapita kwenye mashamba na maduka yao, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza kwamba, pamoja na thamani ya ardhi na majengo, mfanyabiashara anaweza kulipwa faida anayoipoteza: faida halisi ya mwezi mmoja mara miezi 36.

Hapo ndipo wenye maduka madogo wengi wanapokwama. Faida hiyo inathibitishwa kwa hesabu, na pale inapohitajika hesabu zilizokaguliwa. Duka lililofanya kazi miaka 20 bila kitabu cha mauzo linaweza kuonekana mbele ya mthamini kama nyumba ya kawaida.

Ramani ya zamani haimpi mtu hati ya kiwanja. Hata hivyo, inaweza kuthibitisha kwamba kijiji, soko au njia ya mifugo vilikuwapo kabla ya mradi. Kijiji chenye muhtasari wa vikao, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi na hati za kimila kwa wanakijiji wake kina sauti nzito kuliko kijiji chenye kumbukumbu za wazee peke yake.

Vyama vya msingi vya tumbaku na vya wafuga nyuki navyo vina kazi ya kufanya mapema. Kituo cha kukusanyia mazao kikiombewa eneo wakati mipango ya stesheni inaendelea, kinaweza kuingizwa kwenye ramani ya mji. Kikiombwa baada ya viwanja kugawiwa, kitapelekwa pembeni, na mkulima atalipia gharama za kusogeza mzigo kila msimu.

Uvinza na Urambo hazikuokolewa na reli peke yake. Ziliokolewa na watu waliokuwa na cha kupakia. Halmashauri za Mkoa wa Tabora, vyama vya ushirika na serikali za vijiji bado wana nafasi ya kuhakikisha kwamba stesheni mpya zinakuta maghala, barabara za mazao na wakulima wenye hati mikononi.

Kwa mwenye duka, hatua ya kwanza ni ndogo na haina gharama kubwa: kununua kitabu na kuanza kuandika mauzo ya leo. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.